Marathoni Kando ya Bahari: Joto Ndilo Mpinzani wa Kwanza

Marathoni ni mbio za kilomita 42.195. Nusu marathoni ni kilomita 21.1, na mara nyingi siku hiyo hiyo huwa pia na mbio za kilomita 10 na matembezi ya familia ya kilomita 5. Mbio za aina hii zinapofanyika mjini kama Mombasa huwaleta pamoja watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wanariadha wanaoishi kwa kukimbia, wengi wao wakitoka nyanda za juu za Bonde la Ufa. Wa pili ni wakaazi wa kawaida: walimu, wanafunzi, askari, wafanyakazi wa bandari na wa hoteli, akina mama na wazee wanaokimbia kwa ajili ya afya au kuchangia jambo jema.

Wengi wa watu hao, mshindi na wa mwisho, hulalamikia jambo moja wanapomaliza. Hawalalamikii milima, kwa sababu pwani haina milima mikubwa. Wanalalamikia joto.

Makala haya yanaeleza mambo yanayompata mkimbiaji anapokimbia kando ya bahari, sababu zake, namna ya kujitayarisha, na hatua ambazo mtu yeyote aliye kando ya barabara anaweza kuchukua mkimbiaji akianguka. Hatua hizo zinaweza kuokoa maisha hata kabla ya gari la wagonjwa kufika.

NJIA TAMBARARE SI NJIA NYEPESI

Mkimbiaji anayetoka bara huvutiwa na mambo mawili anapofika pwani. Kwanza, barabara ni tambarare. Pili, kupumua ni rahisi. Mji wa Iten uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Ufukweni kila pumzi ina oksijeni zaidi, kwa hiyo mtu huhisi ana nguvu kuliko alivyo nyumbani. Hapo ndipo kosa huanza: anatoka mbio kwa kasi ya Iten au ya Eldoret, na kwa kilomita kumi za kwanza anaona mambo ni mazuri.

Mwili unapokimbia huzalisha joto jingi. Kati ya kila sehemu nne za nguvu zinazotumiwa na misuli, karibu tatu huishia kuwa joto na moja tu ndiyo inayomsukuma mtu mbele. Joto hilo lazima litoke, na njia kuu ya kulitoa ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Hupoza linapokauka juu ya ngozi.

Kila mkaazi wa pwani anajua tofauti ya kuanika nguo siku ya upepo mkavu na siku ya fukuto. Siku ya fukuto nguo hushinda kambani na jioni bado zina unyevu, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji na haiwezi kupokea mengine. Ndivyo inavyokuwa kwa jasho. Alfajiri, wakati mbio nyingi zinapoanza, unyevu wa hewa mjini Mombasa mara nyingi hupita asilimia 80. Jasho humwagika, fulana hulowa chapachapa, viatu hujaa maji, lakini mwili haupoi. Mkimbiaji hupoteza maji na chumvi bila kupata faida yake.

Wakati huo huo moyo una kazi mbili. Unapeleka damu kwenye misuli ili miguu isonge, na unapeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke. Kadiri maji yanavyopungua mwilini, ndivyo damu inavyokuwa haba kwa kazi zote mbili. Ndiyo sababu kasi ambayo Eldoret ni ya kawaida, pwani huufanya moyo upige kama wa mtu anayepanda mlima.

YALIYOTOKEA MOMBASA MWAKA 2007 NA DOHA MWAKA 2019

Wanaodhani joto huwashinda wakimbiaji wasio na mazoezi pekee wakumbuke siku ya tarehe 24 Machi 2007. Siku hiyo Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, yaliyofanyika katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Machi ni miongoni mwa miezi yenye joto kali zaidi kwetu. Wanaume walikimbia kilomita 12 na wanawake kilomita 8.

Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2006. Mjini Mombasa alijiondoa katika mzunguko wa mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea, huku Mkenya Moses Mosop akiwa wa pili. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi. Tukumbuke kwamba hizo zilikuwa kilomita 12 tu, chini ya theluthi moja ya marathoni.

Mfano wa pili unatoka Doha, mji mkuu wa Qatar. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ya mwaka 2019 ilikimbiwa kwenye barabara ya Corniche, inayofuata ukingo wa bahari. Kwa sababu ya joto, waandalizi waliianzisha usiku wa tarehe 27 Septemba, dakika moja kabla ya saa sita. Hata hivyo joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu wa hewa zaidi ya asilimia 70. Walioanza walikuwa 68. Waliomaliza ni 40. Wengine waliondolewa kwa viti vya magurudumu na machela.

Mshindi alikuwa Mkenya Ruth Chepng'etich, aliyetumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, mnamo Januari, alikuwa amekimbia marathoni ya Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Mkimbiaji ni yule yule, mwaka ni ule ule, na miji yote miwili iko kwenye Ghuba. Januari asubuhi Dubai huwa na baridi kiasi. Septemba Doha ina fukuto. Tofauti ya dakika 15 kati ya mbio hizo mbili inatuonyesha kwamba siku ya joto hata bingwa wa dunia hupunguza mwendo. Mkimbiaji wa kawaida hana sababu ya kuona aibu kufanya vivyo hivyo.

KILOMITA KWA KILOMITA

Wakimbiaji wa marathoni za pwani hupitia hatua zinazofanana, na ni vyema anayekwenda kwa mara ya kwanza azijue.

Kilomita ya 1 hadi ya 10. Jua ndilo kwanza linachomoza. Umati unashangilia, miguu ni myepesi, na upepo wa bahari unapendeza. Hatari ya hapa ni kasi. Atakayejua kujizuia hapa ndiye atakayekuwa na nguvu baadaye. Mwenda pole hajikwai.

Kilomita ya 10 hadi ya 21. Nguo zimelowa. Mapaja na kwapa huanza kuchubuka kwa sababu ya chumvi ya jasho. Nyayo zilizolowa hutoa malengelenge. Wanaokimbia nusu marathoni wanakaribia kumaliza, na anayekimbia marathoni nzima hujikuta amevutwa na mwendo wao bila kujua.

Kilomita ya 21 hadi ya 32. Jua limepanda na lami inarudisha joto juu. Njia hubaki na watu wachache. Hapa ndipo vituo vya maji na vivuli huanza kuhesabiwa kimoja kimoja.

Kilomita ya 32 hadi mwisho. Sukari ambayo mwili umeiweka akiba kwenye misuli na ini inakaribia kuisha. Miguu huwa mizito ghafla, misuli ya ndama hukaza, na mawazo ya kuacha huja. Uchovu huu ni wa kawaida na mtu anaweza kuuvuka kwa kutembea kidogo, kunywa na kula kitu chenye sukari. Kilicho tofauti na cha hatari ni kuchanganyikiwa akili. Anayeanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kusahau aliko hana uchovu wa kawaida. Huyo ni mgonjwa, na tutamrudia hapa chini.

UPEPO, MCHANGA NA MAJI KUJAA

Bahari ina mambo yake matatu ambayo njia za bara hazina.

La kwanza ni upepo. Msimu wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki. Msimu wa kusi hutoka kusini. Barabara nyingi zetu zinafuata ufuo, kwa hiyo mara nyingi mtu hukimbia nusu ya njia upepo ukiwa mgongoni na nusu nyingine ukiwa usoni. Upepo wa mgongoni unasaidia mwendo, lakini unaondoa ubaridi, kwa sababu unakwenda sambamba na mkimbiaji na hewa inayomzunguka inakuwa kama imesimama. Kunywa maji na jimwagie mwilini zaidi katika sehemu hiyo. Upepo wa usoni unapoza, lakini unakula nguvu. Kimbieni kwa kikundi mkipokezana kukaa mbele.

La pili ni mchanga. Baadhi ya mbio hupitia ufukweni kwenyewe. Utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kukimbia juu ya mchanga mlaini kunahitaji nguvu karibu mara 1.6 ya kukimbia juu ya ardhi ngumu. Mchanga mgumu uliolowa, karibu na maji, ni afadhali, lakini umeinama kuelekea baharini. Ukikimbia upande mmoja kwa muda mrefu, mguu mmoja huwa chini ya mwenzake na goti au nyonga huumia. Tumia mchanga kwa mazoezi mafupi, na uzoee kidogo kidogo kabla ya kushindana juu yake.

La tatu ni maji kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita tatu. Ufuo uliokuwa mpana Jumamosi iliyopita unaweza kuwa chini ya maji Jumamosi hii. Mwandalizi wa mbio za ufukweni asipange tarehe kabla ya kutazama jedwali la maji na kuzungumza na wavuvi au vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vya mahali hapo.

KUJITAYARISHA: WIKI MBILI ZA KUZOEA JOTO

Mwili wa mwanadamu unaweza kujifunza joto. Ukifanya mazoezi katika joto kila siku kwa siku 10 hadi 14, huanza kutoa jasho mapema, jasho hilo huwa na chumvi kidogo, na mapigo ya moyo hushuka kwa mwendo ule ule. Mafunzo hayo hupotea wiki chache baada ya kuacha.

Kwa hiyo mgeni anayetoka bara akiweza afike mapema, na wiki ya kwanza akimbie polepole na kwa muda mfupi. Asiyeweza kufika mapema apunguze matarajio ya muda wake. Mkaazi wa pwani naye asijidanganye: anayeshinda ofisini kwenye kiyoyozi na kufanya mazoezi ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi hajazoea joto, hata kama amezaliwa Kisauni au Likoni.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Pima afya yako kabla ya kuanza mazoezi mazito, hasa kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu. Muulize daktari pia kuhusu dawa unazotumia.
- Usikimbie ukiwa na homa, malaria, kuhara au kutapika, hata kama umeshalipa ada ya kujiandikisha. Mwili unaopigana na homa umeshaanza mbio ukiwa na joto.
- Usimeze dawa za maumivu ili uweze kukimbia. Baadhi yake, kama ibuprofen, huathiri figo za mtu aliyepungukiwa maji.
- Epuka pombe usiku wa kuamkia mbio, na ulale vya kutosha.
- Vaa nguo nyepesi za rangi isiyokoza, na kofia inayopitisha hewa. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja, kwapa na chuchu.
- Usivae kiatu kipya siku ya mashindano.
- Anayefunga Ramadhani asikimbie mbio ndefu mchana. Mazoezi mepesi yafanyike jioni karibu na kufuturu, au baada yake.

MAJI: YATOSHE, YASIZIDI

Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe maji mengi kadiri wanavyoweza. Ushauri huo si sahihi. Maji yakipungua sana mwilini kuna hatari, lakini yakizidi kuna hatari pia, kwa sababu hupunguza makali ya chumvi katika damu na ubongo huweza kuvimba. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 kati yao wana chumvi pungufu. Walio hatarini zaidi ni wanaokwenda polepole, wanaokaa njiani zaidi ya saa nne na kunywa katika kila kituo bila kiu.

Kanuni rahisi ni kunywa unapohisi kiu, mafunda machache kila mara, kuanzia mapema. Jipime kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukipungua kilo moja au mbili si jambo la kushtua. Ukiongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi.

Watu wengi huuliza kuhusu madafu. Maji ya dafu ni mazuri na yana potasiamu kwa wingi, lakini yana sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo chumvi kubwa inayotoka na jasho. Kunywa dafu ukipenda, na ule kitu chenye chumvi pamoja nalo. Anayetaka kutengeneza kinywaji chake nyumbani achanganye lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visijazwe kilima. Kijaribu wakati wa mazoezi, usingoje siku ya mbio.

Maji mengine mwagia kichwani, shingoni na kwenye mikono. Maji ya ngozini hupoza bila kujaza tumbo.

MKIMBIAJI AKIANGUKA: MPOZE KWANZA

Kuna hali mbili ambazo mtu wa kando ya barabara anapaswa kuzitofautisha.

Ya kwanza ni uchovu wa joto. Mtu ana kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi imelowa, hana nguvu, lakini anajua jina lake, siku na mahali alipo. Mpeleke kivulini, mlaze miguu ikiwa juu kidogo, mmwagie maji, na umpe anywe kidogo kidogo. Wengi hupata nafuu katika nusu saa. Asirudi mbioni.

Ya pili ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuathirika. Mtu huyumba, huongea ovyo, hukasirika bila sababu, hutaka kukimbia upande usio wake, hutikisika kama mwenye kifafa, au hupoteza fahamu. Usingoje ngozi ikauke ndipo uamini. Mkimbiaji mwenye kiharusi cha joto mara nyingi bado anatoa jasho. Hali hii huua, na kila dakika ina uzito wake. Lengo ni kumpoza ndani ya dakika 30 tangu aanguke.

Mbio za barabarani za Falmouth, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, zinatoa somo muhimu. Ni mbio za takriban kilomita 11 kando ya bahari, zinazofanyika kila Agosti katika joto na unyevu. Katika kipindi cha miaka 18 madaktari wake walitibu watu 274 waliopata kiharusi cha joto. Wote waliishi. Dawa yao haikuwa ya ajabu: hodhi zilizojaa maji na barafu zilizowekwa pale pale kwenye mstari wa kumalizia. Walimpoza mgonjwa kwanza, kisha wakampeleka hospitali kama ilihitajika.

Fanya hivi:

1. Mtoe juani na muulize maswali mepesi: jina lako nani, uko wapi, leo ni siku gani. Asipojibu sawasawa, chukulia kwamba ni kiharusi cha joto.

2. Mtu mmoja apige simu 999 au 112, au aite Shirika la Msalaba Mwekundu kwa nambari 1199. Ataje alama ya mahali: jina la kituo cha matatu, shule, msikiti, kanisa au duka. Wengine waendelee na kazi ya kumpoza.

3. Mpoze mwili mzima mara moja. Kama kuna hodhi au pipa kubwa lililokatwa, mtumbukizeni hadi shingoni katika maji yenye barafu, na mtu mmoja ashikilie kichwa kisizame. Kama hakuna, watu wanne hadi sita washike kingo za turubai kama machela, mgonjwa alazwe ndani, na maji ya barafu yamwagwe juu yake na kutikiswa. Kama hakuna turubai, loweka leso au taulo katika maji baridi, mfunike mwili mzima, na zibadilishwe kila baada ya dakika moja au mbili huku akipepewa. Barafu ya muuza samaki au ya muuza soda inafaa kabisa.

4. Usipoteze muda kuvua nguo zote. Mwanamke aliyevaa hijabu au nguo ndefu anaweza kupozwa maji yakimwagwa juu ya mavazi yake, na wanawake wenzake wakamzungushia leso kumsitiri. Heshima yake na uhai wake vyote vinaweza kulindwa.

5. Usimpe kinywaji mtu aliyechanganyikiwa au asiye na fahamu, kwa sababu anaweza kupaliwa. Akitapika, mgeuze alale ubavu.

6. Kama hapumui, anza kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

7. Endelea kumpoza mpaka wahudumu wa afya wafike, au mpaka fahamu zirudi na aanze kutetemeka kwa baridi. Baada ya hapo lazima apimwe na daktari, hata akisema amepona.

Makosa ya kawaida ni mawili: kumsimamisha mgonjwa ili amalizie mita zilizobaki huku watu wakipiga makofi, na kumpakia kwenye tuktuk kwenda hospitali kabla ya kumpoza. Katika msongamano wa siku ya mbio, safari hiyo inaweza kuchukua dakika zile zile 30 ambazo zingemwokoa.

WAJIBU WA WAANDALIZI NA WA WAKAAZI

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi za huduma za afya na magari ya wagonjwa, barabara za kaunti, michezo na viwanja vyake, na fuo za burudani. Marathoni ya pwani inagusa kazi hizo zote siku moja. Ndiyo sababu mkaazi ana haki ya kumuuliza mwandalizi yeyote: mbio zinaanza saa ngapi? Vituo vya maji viko wapi? Hodhi za barafu ziko wapi? Magari ya wagonjwa yatapita njia gani?

Saa ya kuanza ni jambo kubwa kuliko zawadi. Jua la Mombasa huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa tatu lina makali. Mkimbiaji wa kawaida hutumia saa nne hadi sita kumaliza marathoni. Mbio zikianza saa moja na nusu kwa sababu mgeni wa heshima amechelewa, atakayelipa ni mkimbiaji wa mwisho, atakayekuwa barabarani saa sita mchana. Mwezi nao una maana: Julai na Agosti ndiyo miezi yetu yenye ubaridi, na Februari na Machi ndiyo yenye joto kali.

Mkaazi wa kawaida naye ana sehemu yake:

- Jua mapema barabara zitakazofungwa na saa za kufunguliwa. Daraja la Nyali ndilo kiungo kikuu cha kisiwa na bara ya kaskazini. Likitumiwa na wakimbiaji, panga safari ya hospitali, uwanja wa ndege au kazi kabla ya saa hizo.
- Waendeshaji wa bodaboda, tuktuk na matatu wasiingie njia ya mbio, na waache nafasi ya gari la wagonjwa kila wakati.
- Wenye maduka na majumba kando ya njia wanaweza kutoa mfereji wa maji, kivuli na barafu. Mpira wa maji uliofunguliwa mbele ya duka ni msaada mkubwa baada ya saa mbili asubuhi.
- Tusitupe chupa baharini wala kwenye mitaro. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini, zikiwemo fuo zilizo ndani ya hifadhi hizo. Waandalizi waweke mapipa mita chache baada ya kila kituo cha maji, kwa sababu hapo ndipo mkimbiaji humaliza kunywa.
- Washangilie wote, hasa wa mwisho, lakini ukiona mtu anayumba, acha kumhimiza asonge. Msimamishe na umuulize jina lake.

Na wewe utakayefunga nambari kifuani, andika nyuma yake jina lako, simu ya jamaa wa karibu, na ugonjwa au dawa unayotumia. Mwambie mwenzako ni saa ngapi unatarajia kumaliza, ili usipoonekana akutafute. Ukihisi baridi au kusisimkwa mwili katikati ya joto, kichwa kikigonga au mawazo yakichanganyika, simama kwenye kituo cha karibu na useme. Marathoni nyingine ipo mwaka ujao.